Shetani wa Blues Hakuwa Mmoja

Hadithi yenyewe wengi tumeisikia kwa namna moja au nyingine. Kijana mweusi wa Mississippi hajui kupiga gitaa, na kila akiligusa watu wanamzomea. Usiku wa manane anakwenda njia panda. Anatokea mtu mkubwa mweusi, analichukua lile gitaa, anakaza nyuzi, anapiga wimbo mmoja, anamrudishia. Tangu usiku ule hakuna wa kumfikia. Bei ni roho yake, na mdai anakuja kuichukua kijana akiwa na miaka 27. Kijana anaitwa Robert Johnson, aliyezaliwa Hazlehurst mwaka 1911 na kufariki karibu na mji wa Greenwood, Agosti 1938.

Ni hadithi tamu, na imewafanya watu wasiojua hata wimbo mmoja wa blues, muziki wa Wamarekani weusi wa kusini, wajue angalau hili: kwamba ni muziki wa shetani. Ila ukiikagua kwa makini unakuta imeunganishwa. Sehemu moja ni ya mwanamuziki mwingine kabisa. Nyingine imevuka bahari kutoka Ulaya, nyingine kutoka Afrika Magharibi. Kuna sehemu ya mimbari ya Wabaptisti, na kuna sehemu iliyoshonwa na wapenzi wa santuri wa Kizungu, marehemu akiwa kaburini miaka karibu thelathini.

Tuanze na wimbo unaotajwa kuwa ndio ushahidi wenyewe. Johnson alirekodi "Cross Road Blues" tarehe 27 Novemba 1936, hotelini Gunter, San Antonio, jimboni Texas. Sikiliza kinachotokea mle ndani. Anafika njia panda, anapiga magoti, anamwomba Mungu amhurumie. Kisha anajaribu kusimamisha magari apate lifti. Yanapita tu, hakuna anayeonekana kumjua. Jua linazama. Mwishoni anaomba rafiki yake Willie Brown apelekewe habari kwamba mwenzake anazama. Basi. Hakuna mkataba, hakuna aliyelishika gitaa lake, na anayeombwa ni Mola.

Hofu ya jua kuzama nayo haikuwa ya kishairi tu. Mtu mweusi asiyejulikana, peke yake barabarani usiku, katika Mississippi ya miaka ile, angeweza kukamatwa kwa kosa la uzururaji na kujikuta akifanyishwa kazi ya kifungo. Hiyo ndiyo ilikuwa bahati nzuri. Mbaya zaidi ilikuwa kukutana na kundi la wazungu lisilo na haja ya mahakama. Ukiusikiliza wimbo ukiwa na hilo kichwani, aliyepiga magoti pale anamwogopa binadamu mwenzake.

Hadithi ya njia panda imetoka wapi, basi? Imetoka kwa Johnson mwingine. Tommy Johnson alizaliwa karibu na Terry, Mississippi, mwaka 1896, na hakuna udugu wowote unaojulikana kati yake na Robert. Alirekodi Memphis mwaka 1928, miaka minane kabla ya Robert kusogelea kipaza sauti. Alikuwa mtu wa vituko: gitaa nyuma ya shingo, gitaa katikati ya miguu, na ulevi uliomfikisha kunywa spiriti ya kuwashia majiko ya kopo, jambo aliloliimba mwenyewe katika "Canned Heat Blues". Baada ya kifo chake mwaka 1956, kaka yake LeDell alimsimulia mtafiti David Evans jinsi Tommy alivyokuwa akieleza alikoupata ufundi. Kwamba alijiuza kwa shetani. Kwamba ukitaka kujua kupiga chochote unachotaka, chukua gitaa lako uende mahali barabara zinapokatana, ufike kabla kidogo ya saa sita usiku, ukae peke yako upige. Mtu mkubwa mweusi atakuja, atalichukua gitaa, atalikaza nyuzi, atapiga kitu, atakurudishia.

Sura yote ya hadithi tunayoijua iko hapo, neno kwa neno karibu, isipokuwa jina la mhusika. Halafu tazama jambo moja dogo. LeDell anaanza kwa kusema kaka yake alijiuza, lakini akifika kwenye maelekezo yenyewe, malipo hayamo. Hakuna damu, hakuna sahihi, hakuna tarehe ya kuja kuchukuliwa. Anayetokea anafanya kazi ya mwalimu, anakurekebishia chombo na kukuonyesha mara moja. Jina lake ni shetani, lakini tabia yake si ya yule tunayehubiriwa.

Na Tommy hakuitunga peke yake. Padri mmoja wa Kianglikana, Harry Middleton Hyatt, alizunguka majimbo ya kusini hasa katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 akiwarekodi waganga na wateja wao. Aliongea na watu wapatao 1,600, na maneno yao yakaja kuchapishwa katika majuzuu matano makubwa kati ya 1970 na 1978. Uganga huo wa Wamarekani weusi huitwa hoodoo, na safari ya njia panda imo humo tele. Wengine walikwenda ili wajue gitaa au banjo, wengine ili wawe wachezaji dansi, wengine ili wasishindwe kamari ya dadu. Unakwenda siku kadhaa mfululizo, mara nyingi tisa. Wanapita wanyama wa kutisha na wewe hutakiwi kukimbia. Wa mwisho ni mtu. Katika masimulizi hayo wapo wanaomwita shetani bila kusita, na wapo wanaosema tu "mtu mweusi" na kuishia hapo.

Hapa ndipo wasomi hugawanyika, na mimi nadhani pande zote mbili zimevuta kamba mno. Upande mmoja unasema huyu ni Legba, mungu mlinzi wa njia na milango kwa Wafon wa Benin, au Eshu wa Wayoruba, ambaye makao yake ni makutano ya njia na kazi yake ni kubeba ujumbe kati ya watu na miungu. Hoja ina uzito. Eshu ni mjanja, mchokozi, mpenda sadaka, lakini si adui wa Mungu. Wamisionari walipofika, walihitaji jina la kumpa Ibilisi, na tafsiri ya Biblia ya Kiyoruba iliyofanywa na Askofu Samuel Ajayi Crowther katika karne ya 19 ikamchukua Eshu na kumtwisha jina hilo. Kama jambo hilo lilitokea Nigeria kwa maandishi, si ajabu likatokea Mississippi kwa midomo: mwenye njia panda wa zamani akavalishwa pembe na dini mpya.

Upande wa pili unakumbusha kwamba Ulaya nayo ilikuwa na njia panda zake. Huko wachawi walisemekana kukutana na mtu mweusi usiku muda mrefu kabla ya mtumwa yeyote kufikishwa Virginia. Wajerumani walikuwa na Faust, msomi aliyeuza roho apate maarifa. Mpiga fidla wa Italia, Niccolò Paganini, alikuwa hodari kiasi kwamba uvumi wa mkataba na shetani ulimfuata hadi kaburini, au tuseme ulimzuia kufika kaburini. Alifariki Nice mwaka 1840 bila sakramenti ya mwisho, askofu akamkatalia mazishi, na mwili ukahamishwa huku na huko mpaka ukapata makao Parma mwaka 1876. Wahamiaji Waprotestanti waliokwenda Marekani walilibeba wazo hilo: fidla waliiita sanduku la shetani, kwa sababu palipo na fidla pana dansi, na palipo na dansi pana mengine.

Mtumwa aliyefundishwa kupiga fidla katika karamu za bwana wake alisikia hadithi hizo zote, za babu zake na za bwana wake, katika umri uleule na mara nyingi usiku uleule. Kufika miaka ya 1920 hakukuwa na mtu ambaye angeweza kuzitenganisha. Wanaotaka kumwona Legba tupu, au Faust tupu, wanatafuta usafi ambao Mississippi haikuwa nao.

Sehemu ya kanisani ni rahisi kueleweka kwa yeyote aliyekulia mahali ambapo nyimbo hugawanywa kuwa za dini na za kidunia. Jumamosi usiku watu wa mashamba ya pamba walikusanyika katika vibanda vya pombe, kamari na dansi. Jumapili asubuhi watu walewale, wengine hawajalala, walikuwa kwenye mabenchi ya kanisa. Mchungaji na mpiga gitaa waligombea wasikilizaji walewale, na mifuko ileile, iliyokuwa haina kitu wiki nzima. Wote wawili walitegemea sauti ya kupandisha watu mori. Mchungaji kumwita mwenzake mtumishi wa shetani ilikuwa mafundisho ya dini, sawa, lakini pia ilikuwa biashara.

Son House, mwimbaji na mpiga gitaa wa Mississippi, aliyajua yote mawili kwa ndani. Alianza kuhubiri akiwa kijana, akaingia kwenye blues akiwa mtu mzima, na maisha yake yote alitoka huku akaingia kule. Mwaka 1930 alirekodi "Preachin' the Blues", ambamo anatangaza atakuwa mhubiri wa Kibaptisti ili asiwe na haja ya kufanya kazi. Kejeli hiyo inachoma zaidi ikitoka kwa mtu aliyewahi kusimama mimbarini. Kwa Robert Johnson mambo hayakuwa ya kejeli. Mkewe wa kwanza, Virginia, msichana wa miaka kama 16, alifariki mwaka 1930 akijifungua, yeye na mtoto. Waandishi wa wasifu wake wanaeleza kwamba ndugu wa marehemu waliona ni adhabu kwa mume aliyekuwa akizurura na nyimbo za dunia. Ukishatupiwa lawama ya namna hiyo ukiwa hujatimiza miaka 20, jina la shetani si la kuchezea tena.

Lakini kanisa lenyewe halikuwa na kauli moja kuhusu gitaa. Church of God in Christ, madhehebu ya Kipentekoste yaliyokua Memphis chini ya Charles Harrison Mason, walikaribisha magitaa, matari na kucheza ibadani. Humo alikulia Sister Rosetta Tharpe, ambaye alipiga gitaa la umeme la injili kwa namna iliyowafundisha wapiga rock'n'roll kazi yao. Kwa hiyo kilichokuwa cha shetani hakikuwa chombo. Kilikuwa mahali kilipopigiwa, na nani aliyekuwa akicheza na mke wa nani.

Wanamuziki nao hawakukaa kimya kuitwa majina. Wengine waliyachukua wakayafanya ya biashara. William Bunch, mwimbaji na mpiga piano wa St. Louis, alijiita Peetie Wheatstraw, Mkwe wa Shetani, na pia Sherifu Mkuu wa Jehanamu. Majina hayo yaliandikwa kwenye santuri zake na yalimuuza vizuri. Hilo la pili lina mzaha wenye makali. Sherifu ndiye mkuu wa polisi wa wilaya, mwenye bunduki, mbwa na ufunguo wa jela. Kwa msikilizaji mweusi wa kusini, kumsikia sherifu akitajwa katika sentensi moja na Jehanamu hakukuhitaji maelezo. Adam Gussow, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Mississippi na mpiga harmonika mwenyewe, ametoa kitabu kizima kuhusu mada hii mwaka 2017, na moja ya hoja zake ni kwamba shetani katika blues mara nyingi ni mzungu mwenye mamlaka, tajiri wa shamba au askari, asiyeweza kutajwa kwa jina mbele ya watu. Sidhani kila wimbo unafunguka kwa ufunguo huo. Lakini kwa baadhi unafunguka vizuri sana.

Kwa wanawake shetani ana sura nyingine tena. Clara Smith aliimba kuhusu kuuza roho kwa shetani mwaka 1924, Robert Johnson akiwa mtoto wa miaka 13, na hakuimba kwenye njia panda yoyote bali katika studio ya Columbia, wimbo ukiwa wa tasnia ya santuri na majukwaa ya mjini. Wanaosema habari ya kuuza roho ilizaliwa kwenye matope ya Delta, nyanda za pamba za Mississippi, wanamsahau. Na kuna shetani wa mapenzi, aliye mwingi kuliko wote: aliyemchukua mwanamke wangu, aliyemwingia mume wangu, anayekaa kitandani mwetu.

Wimbo mmoja wa Robert unaokusanya karibu hao wote ni "Me and the Devil Blues", uliorekodiwa Dallas tarehe 20 Juni 1937. Asubuhi na mapema mlango unagongwa. Mwenye nyumba anafungua na kumsalimu mgeni kwa jina, bila mshangao, kama unavyomsalimu jirani mliyepanga safari pamoja, na kusema nadhani muda wa kuondoka umefika. Wanatembea bega kwa bega. Halafu anatamka jambo la kuogofya kuliko shetani mwenyewe: atampiga mwanamke wake mpaka aridhike. Mwanamke anapouliza sababu, jibu ni kwamba lazima ni yule pepo mbaya aliye chini kabisa ardhini. Ukisikia haraka unaona mtu aliyepagawa. Ukirudia unaona mwanamume mjeuri anayetafuta wa kumsingizia, na Johnson anaimba beti hizo kwa utulivu unaokuacha hujui kama anamwamini mhusika wake. Kisha anamaliza kwa mzaha: mnizike kando ya barabara kuu, ili pepo wangu mbaya apande basi la Greyhound aende zake. Shetani gani huyo anayekata tiketi ya basi? Siku hiyohiyo alirekodi "Hell Hound on My Trail", ambamo mbwa wa Jehanamu yuko nyuma yake na mwanamke amemwagia unga wa kiganga mlangoni ili miguu yake isitulie mahali pamoja. Unga huo ulikuwa kitu cha kununuliwa, na wasikilizaji wake waliujua.

Sasa, ilikuwaje hadithi ya Tommy ikamhamia Robert? Kwa sababu Robert alikuwa tupu. Tommy alikuwa na kaka wa kusimulia. Robert aliacha nyimbo 29, cheti cha kifo kilichokuja kupatikana mwaka 1968 kikiwa na maneno "hakuna daktari" mahali pa sababu, na mawe ya ukumbusho matatu katika makaburi matatu tofauti karibu na Greenwood. Kampuni ya Columbia ilipotoa santuri ndefu ya nyimbo zake 16 mwaka 1961, vijana wa Marekani na Uingereza walisikia sauti isiyo na uso. Picha yake haikuchapishwa hadi miaka ya 1980. Mwaka 1966 mwandishi Pete Welding alichapisha makala iliyomnukuu Son House akidokeza kwamba Robert aliuza roho. Simulizi ya Tommy ikatoka kitabuni mwaka 1971. Majina yanafanana, jimbo ni moja, na Robert ana nyimbo mbili tatu zenye shetani. Wasomaji wakaunganisha wenyewe. Filamu ya Hollywood ya 1986 ikapigilia msumari, na mkusanyiko kamili wa nyimbo zake wa 1990 ukauza zaidi ya nakala milioni moja huku hadithi ikiwa tangazo lisilolipiwa.

Kabla ya kuwacheka, tukumbuke kwamba Tanzania na Kenya msanii akinunua gari la bei na nyumba ya ghorofa kwa haraka, minong'ono ya Freemason huanza kabla rangi ya nyumba haijakauka. Mafanikio ya ghafla ya mtu aliyetoka chini hutafutiwa mfadhili wa gizani. Tofauti ni kwamba sisi huwasingizia walio hai.

Wapo waliojaribu kurudisha habari ardhini. Annye Anderson, ndugu yake wa kambo aliyekulia naye Memphis, alitoa kumbukumbu zake mwaka 2020, na Robert wa humo ni kaka anayewapigia watoto nyimbo za kuchezea na kupenda sinema za wachunga ng'ombe. Johnny Shines, aliyesafiri naye, alieleza kwamba alipiga chochote watu walichotaka mtaani, hata polka. Na ile miezi aliyopotea machoni pa Son House, akaenda mbumbumbu akarudi fundi, ina maelezo. Alirudi upande wa Hazlehurst, akakaa na mpiga gitaa aliyeitwa Ike Zimmerman, mtu mwenye mke na watoto, ambaye hakuwahi kurekodi hata wimbo mmoja. Walifanya mazoezi usiku makaburini, kweli, wamekalia mawe. Makaburi yalikuwa ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani, na palikuwa mahali ambapo hakuna wa kumwamsha.

Kilichobaki alikipata kwenye santuri. Robert alikuwa msikilizaji wa kutisha: Leroy Carr, Lonnie Johnson, Kokomo Arnold na Peetie Wheatstraw wote wamo ndani ya vidole vyake. Wimbo wake wa mbwa wa Jehanamu umesimama juu ya "Devil Got My Woman", uliorekodiwa mwaka 1931 na Skip James, mtoto wa mchungaji, ambaye anauanza kwa kusema afadhali awe shetani kuliko kuwa mume wa mwanamke yule. James hakupata pesa ya maana kwa santuri hiyo. Mdororo wa uchumi uliizika, na yeye akarudi kanisani kwa baba yake akawa anaongoza kwaya.